Jua la Luvungi na subira ya Hugo van Lawick

Luvungi, mashariki mwa Kongo, jua hutoweka mapema. Haijafika hata saa kumi na mbili jioni, milima ya magharibi imeshalificha, na kivuli chake kinatambaa juu ya mashamba ya mpunga na mihogo kuelekea mto Ruzizi. Ng'ambo, vilima vya Burundi vinabaki vinawaka. Mpiga picha wa mandhari anayekijua kiwanja chake husubiri dakika hizo chache. Akiiachia kamera iamue, itapima giza la uwandani, itaingiza mwanga mwingi, na vilima vitaungua hadi viwe vyeupe kama karatasi. Fundi anapima mwanga wa vilimani na kuuacha uwanda uwe na giza lake, kwa sababu jioni ya Luvungi ndivyo ilivyo.

Tuko karibu sana na ikweta, chini ya nyuzi tatu kusini mwake. Jua letu hupanda na kushuka karibu wima, na mwanga laini haukai. Anayefika shambani saa mbili na nusu asubuhi amekuta rangi zimeshafifia. Kiangazi nacho kina taabu yake: vumbi la barabara na moshi wa mioto ya vilimani hufuta milima yote. Mimi nakubaliana na wanaopendelea masika. Mvua ikikatika, hewa huwa imeoshwa, na ukuta wa milima unasogea karibu hadi unaona mikunjo yake.

Ukishuka hadi Uvira, mambo hugeuka. Asubuhi jua hutokea upande wa Burundi na kupiga moja kwa moja usoni mwa milima iliyo nyuma ya mji. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa ndagala wanawasha taa katika Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo stendi ya miguu mitatu inapoonyesha thamani yake: kamera inatulia, lakini mitumbwi inachezacheza, kwa hiyo ukiacha lenzi wazi sekunde kumi kila taa inakuwa mstari. Punguza muda, ongeza wepesi wa kamera kupokea mwanga, na taa zitabaki nukta. Wapo wanaoipenda mistari. Mimi nazipenda nukta, kwa sababu ndizo tunazoziona kwa macho tukiwa ufukweni.

Wanyama wanadai zaidi. Yangeyange anayefuata ng'ombe wa uwandani ni ndege mweupe kabisa juu ya udongo mweusi, na kamera humharibu kila mara: manyoya yanageuka doa jeupe lisilo na umbo. Punguza mwanga kwa makusudi hadi kila unyoya uonekane. Mdiria mweupe-mweusi husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga, kisha hujitupa. Kwake yeye sekunde 1/1000 ni mwanzo tu, na vidole havitamkuta kama jicho halijajifunza kwamba kabla ya kuanguka huinamisha mdomo chini. Kiboko ni wa kuogopwa. Mchana anakaa majini, jioni anatoka kula majani, na asiyejua asije akasimama kati yake na maji. Hakuna picha inayostahili hilo.

Katika ufundi huu wa kusubiri, namheshimu hasa mtu aliyefanya kazi kwenye ziwa letu hilihili, ufukwe wa Tanzania. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Indonesia, alifika Gombe, kaskazini mwa Kigoma, mwaka 1962 akiwa na miaka 25. Shirika la National Geographic lilimtuma, kwa pendekezo la mtafiti Louis Leakey, awapige picha sokwe ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza tangu 1960. Fikiria ugumu wake. Sokwe ni mweusi, msitu una giza, na jua linaloingia kati ya majani huanguka kwa madoa makali. Filamu ya rangi ya enzi hizo ilikuwa na kiu ya mwanga, na kosa halikujulikana mpaka isafirishwe mbali na kusafishwa. Juu ya yote hayo, sokwe walikimbia wageni. Ilibidi kwanza wamzoee yeye na vyombo vyake.

Matunda yake yako katika picha moja inayojulikana dunia nzima: Flint, mtoto wa sokwe aitwaye Flo, ananyoosha mkono wake mdogo, na Jane ananyoosha wake. Hakuna lenzi inayoweza kununua wakati ule. Ulikuja kwa sababu mama alikuwa ameshawazoea watu wale kiasi cha kumwachia mwanawe.

Ni kweli pia kwamba sokwe walivutwa kambini kwa ndizi, na ndizi hizo baadaye zilileta ugomvi mwingi kati yao. Kwa hiyo naichukua subira ya van Lawick na kuziacha ndizi. Mnyama aliyeitwa kwa chakula hakuonyeshi maisha yake. Mwenyewe aliendelea kukaa porini miaka mingi, kambini Ndutu huko Serengeti. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Vijana wa Luvungi, nusu ya elimu hii mnayo tayari. Mchungaji anajua yangeyange watatua wapi kesho, na mvuvi anajua kiboko anapitia njia ipi. Waulizeni. Msielekeze kamera kwenye madaraja, mipaka wala wanajeshi, maana katika nchi yenye vita kamera huonwa kuwa ya mpelelezi. Anzeni hata na simu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye shamba la mpunga la jirani, baada ya kumwomba ruhusa. Kaeni hapo mpaka ndege wasiwajali tena, ndipo mpige picha ya kwanza.