Historia Iliyokusanywa kwa Miguu

Chama cha Utafiti wa Historia ya Maisha ya Wakonzo, watu wa milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, kilianza miaka ya 1950, kikiongozwa na Isaya Mukirane, mwalimu wa shule wa upande wa Bwera. Wengi hukitaja tu kama chimbuko la harakati za Rwenzururu, za kujitenga na ufalme wa Toro, kisha wakapita. Kinastahili pia kupimwa kama kazi ya utafiti: kilikusanya vipi, na ukusanyaji huo ulizaa nini? Hoja yangu ni kwamba ulizaa mtandao wa watu kabla ya kuzaa vitabu, na nguvu na udhaifu wa chama vyote vilitokana na hilo.

Wakonzo walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na lugha ya shule na utawala ilikuwa Kitoro. Yaliyowahusu wao yalikuwa vichwani mwa wazee waliotawanyika kwenye miteremko ya Rwenzori. Kuyapata kulidai kupanda kilima hadi kilima, kukaa na mzee, kumuuliza kwa Kikonzo ukoo wake ulifikaje bonde lile na nani alitangulia kulilima. Mwaka 1954 Mwingereza Tom Stacey alitembea milimani pamoja na Mukirane. Kitabu chake, Summons to Ruwenzori, kilitoka mwaka 1965. Msafara wa namna hiyo huacha mambo mawili: habari kwa mkusanyaji, na kijiji kinachomfahamu mkusanyaji.

Jambo la pili ndilo lililoonekana mapema. Mwaka 1962 Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walipoongoza wenzao kulisusia na kutoka katika baraza la Toro, hawakuwa wageni vijijini. Serikali ya Uganda ya Milton Obote nayo ilimtumia Stacey kujaribu usuluhishi, kwa kuwa alikuwa na njia ya kumfikia Mukirane.

Atakayesema basi utafiti ulikuwa kisingizio cha siasa ana sehemu ya ukweli. Lakini nia ya mkusanyaji haifuti alichosimuliwa. Mwingine atasema masimulizi ya mdomo hayaaminiki. Tuyapime kwa uasi wa Wakonzo wa 1919 hadi 1921, uliomalizika kwa kunyongwa kwa Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya. Serikali ya kikoloni iliwaona waasi. Wakonzo waliwakumbuka kama mashujaa. Pande hizo zinatofautiana katika hukumu, si katika kuwapo kwa tukio. Ukiziweka pamoja unapata ambacho upande mmoja peke yake hautoi: kilichotendeka, na sababu ya kuendelea kuwauma watu miaka arobaini baadaye.

Udhaifu wenyewe uko kwingine. Mtandao unaodai haki ya kabila zima huhitaji simulizi moja, na simulizi moja huzimeza tofauti za koo. Huwasahau pia majirani: Wasongora na Wanyabindi wa Kasese wana historia yao juu ya tambarare zilizo chini ya milima hiyo. Tangu serikali ya Uganda iutambue ufalme wa Rwenzururu, uliozaliwa na harakati hizo, mwaka 2008, suala hili limekuwa zito zaidi, maana simulizi sasa hubeba madai ya ardhi na mamlaka. Kwa hiyo anayekusanya leo Bwera au Kasese afuate miguu ya Mukirane, ila aandike kando ya kila habari jina la msimulizi, ukoo wake na aliyemsimulia, na simulizi mbili zikipingana azihifadhi zote mbili. Hapo mtoto wa jirani naye ataweza kuitumia kazi hiyo.