Kengele Kubwa ya Guarda

Kwa miaka mingi nilikihesabu Schellen-Ursli kuwa kitabu kizuri cha picha, basi. Selina Chönz alitunga hadithi, Alois Carigiet akaichora, kikatoka mwaka 1945. Mtoto anapewa kengele ndogo kuliko za wenzake, na karibu ni Chalandamarz, tarehe 1 Machi, siku ambayo watoto huliza kengele za ng'ombe kuifukuza baridi. Anapanda peke yake kwenye theluji hadi kibanda cha malishoni, kuifuata kengele kubwa.

Baiskeli ndiyo iliyonisomesha upya. Mashariki mwa Uswisi, katika bonde la Engadin ya Chini, mto Inn unakwenda nawe huko chini. Guarda, kijiji kinachohusishwa na hadithi hii, kimekaa juu, mita 1,653. Kutoka kituo cha treni unapanda zaidi ya mita 200, kona baada ya kona. Nilitumia gia zote, mwishowe nikashuka nikaikokota. Na kibanda cha Ursli kiko juu zaidi ya hapo! Nilikuwa nimeusoma mlima kama pambo, kumbe ndio hadithi yenyewe.

Lawama yangu ni kwamba nyumba za kitabuni ni safi mno, kama zilizaliwa hivyo. Guarda kilichomwa moto na askari wa Austria mwaka 1622, kikajengwa upya. Kisha, kati ya 1939 na 1945, msanifu majengo Iachen Ulrich Könz, mume wa Selina, alizikarabati nyumba zake. Nyumba moja basi, huyu anatengeneza kuta, huyu anaandika. Waandishi wa safari wanaokiita kijiji kilichosahauliwa na wakati (nami nimewahi kuandika hivyo, Mungu anisamehe) wanawafuta wote wawili, pamoja na mafundi wao.

Mapambo ya kuta hizo hayachorwi kwa brashi. Fundi hupaka chokaa nyeupe juu ya lipu yenye rangi nzito, kisha huikwangua ikiwa bado mbichi, mpaka rangi ya chini itokeze. Ikishakauka, kosa limebaki ukutani. Niliegemeza baiskeli kwenye birika la maji, mama mmoja akanisalimu, "Allegra," akaendelea kumkaripia mjukuu wake kwa Kiromanshi. Nilikuwa na kamera mfukoni. Nilijaza chupa yangu kwanza.