Nani Alituma Brashi kwenye Mninga?

Mlioitazama ile nyumba ya Upanga ikikarabatiwa kwenye kipindi cha Jumapili mnajua ninakoelekea. Kuta nyeupe zisizong'aa, terazo iliyosuguliwa, mapazia ya kitani: vizuri. Sasa tuje kwenye mlango.

Mlango ule ni mninga mtupu, fremu hadi ubao, wa enzi ambazo MDF ilikuwa haijatufikia. Mbunifu akautazama, akaamua kwamba sebule inataka kahawia "inayofanana", akamwagiza fundi aupige rangi ya mafuta ya chokoleti, mara mbili, ulingane na kochi. Kahawia juu ya kahawia! Kamera ikasogea, wakashangilia. Mimi nilizima sauti.

Kiufundi, kahawia ni rangi ya chungwa iliyopunguziwa mwanga, na jicho huitambua kwa sababu kilicho jirani yake kinang'aa zaidi. Kuta zile nyeupe, basi, zilikuwa zimeshaufanyia mlango nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ilikuwa ndani ya mbao yenyewe. Mninga hauna kahawia moja: una dhahabu, una wekundu, una michirizi inayokaribia zambarau, na nyuzi zake hurudisha mwanga tofauti kila unapohama. Ukiingia asubuhi unakuta mlango huu, jioni unakuta mwingine. Rangi ya mafuta imeyafunika yote hayo kwa utando mmoja usiobadilika, uutazame umesimama ama umekaa. Kile kina alichokuwa akikitafuta mbunifu kilikuwepo tayari. Kilitaka msasa mwepesi, vumbi lipanguswe, kisha vanishi isiyo na rangi.

Halafu kilichofuatwa ni kochi! Kochi lile litabadilishwa baada ya miaka michache. Mninga, mbao inayosinyaa kidogo sana na isiyopinda ovyo, ungeweza kuwazika wote waliokuwemo kwenye kipindi.

Ugonjwa huu naujua tangu walipoanza kutushushia dari za jipsamu kila nyumba: kilicho kizuri hufichwa kwanza, kisha hutafutwa kinachofanana nacho. Na zile balbu za kelvini 6500 sijazisahau. Mwanga wake wa kibuluu huinyima kahawia wekundu wake, ndipo mtu hulalamika kwamba mbao zake "zimepauka".

Mafundi wa zamani wa Lamu hawakuhitaji kuelezwa. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakazifanya kuta kuwa nyeupe, wakachonga zidaka kwenye lipu hiyohiyo, na kahawia ya nyumba ikatoka kwenye boriti za mkoko na milango iliyonakshiwa. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana uliamuliwa na urefu wa boriti, na madirisha hayakuwa mengi. Giza walikuwa nalo la kutosha. Hawakwenda kulinunua kwenye kopo. Nionyesheni mbunifu wa televisheni mwenye nidhamu hiyo.

Kuutoa uchafu ule inawezekana, ila si kazi ya mchana mmoja. Mninga una vinyweleo vikubwa na rangi imeshaingia humo. Dawa ya kubandua itaondoa utando wa juu. Vinyweleo vitadai brashi laini ya waya na subira, na vumbi lake linakereketa kifua, kwa hiyo fundi avae barakoa. Gharama yote hiyo ni ya kumrudishia mwenye nyumba mlango aliokuwa nao kabla hawajampigia hodi.