Chuma Hakisahau
Hongera, fundi bunduki wa Sumbawanga! Mzee akikuletea bastola kuukuu ya urithi, huanzi na hadithi za ukoo. Unahakikisha haina risasi, unafuta kutu kwa kitambaa chenye mafuta, kisha unaigeuzia dirishani. Herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai ni muhuri wa upimaji: ilipimwa uimara Liège, Ubelgiji. Kuna taji juu? Muhuri huo ni wa kuanzia 1893.

Ilifikaje huku? Kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga kituo Karema mwaka 1879. Wajerumani wakaweka boma Kasanga, wakiiita Bismarckburg. Lakini muhuri hutaja ilikopimwa silaha, si njia iliyopita, nawe hulifichi hilo. Katika nchi ya malungu, tanuri ndefu za zamani za kuyeyushia chuma, ujuzi wako uko nyumbani.