Mtazame Aliyenyamaza: Kupima Filamu ya Tamasha la Waimbaji Wawili

Ukitaka kujua kama filamu ya tamasha la waimbaji wawili ina thamani, mwache anayeimba, umtazame aliyenyamaza. Anayeimba ana maneno na sauti ya kumsitiri. Mwenzake hana pa kujificha: ama anasikiliza, ama anasubiri zamu yake, na kamera hailijui neno adabu.

Kipimo changu ni filamu ya tamasha la waimbaji Simon na Garfunkel katika bustani ya Central Park, New York, Septemba 19, 1981. Lilikuwa tamasha la bure, la kusaidia bustani iliyokuwa imechakaa, na umati ulikadiriwa kufika nusu milioni. Wawili hao walikuwa wameachana kikazi tangu 1970. Hata safari hii hawakukubaliana kirahisi: Garfunkel alipenda sauti mbili na gitaa tu, Simon akataka bendi kamili. Bendi ikashinda. Ukishalijua hilo, kila wanapotazamana kuna la kusoma.

Anza na picha zenyewe. Garfunkel ni mrefu, Simon ni mfupi. Kamera ikiwasogelea mno, ama nywele za mmoja zinakatwa, ama kidevu cha mwingine kinapotea. Hapo ndipo utamjua mwongozaji. Michael Lindsay-Hogg, aliyeiongoza filamu hii na aliyewahi kuwapiga picha The Beatles juu ya paa London mwaka 1969, hakuwa mgeni wa kazi hii. (Sijui kama ni bahati tu, lakini hata jukwaa la Central Park lilijengwa kwa mfano wa mapaa ya New York.)

Kisha sikiliza pumzi. Aliyewahi kuimba kwaya anajua kwamba sauti ya kwanza na ya pili hazifungamani mdomoni. Zinafungamana pale waimbaji wanapovuta pumzi kwa pamoja. Mhariri mwenye pupa hubadilisha picha kila ngoma inapolia, na pumzi ile hatuioni kamwe. Wanapoimba “Wake Up Little Susie”, wimbo uliovuma kwa ndugu wawili wa The Everly Brothers, ondoa macho kwenye ala zote, ubaki na midomo yao miwili. Huo ni ufundi walioanza kuusomea wakiwa vijana.

Makofi nayo yana siri. Yakifunguka na kufungwa kama maji ya bomba, ujue kuna mtu ameyapanga studio. Umati wa kweli huchelewa, hukohoa, na hupiga kelele pasipotakiwa.

Ila usitumie kipimo kimoja kwa wote. Chris Lowe wa kundi la wawili la Pet Shop Boys husimama nyuma ya kinanda kama mlinzi wa zamu ya usiku huku Neil Tennant akiimba. Katika filamu yao ya Copenhagen, iliyoonyeshwa kwenye sinema mwanzoni mwa 2024, ukimya huo ndio mchezo wenyewe. Anayeuita ubaridi hajawaelewa.

Lililo kubwa kuliko yote ni kosa. Filamu isiyo na doa lolote mimi huitilia shaka. Usiku ule Simon aliimba wimbo mpya, “The Late Great Johnny Ace”, unaofikia kifo cha John Lennon wa The Beatles, aliyeuawa kwa risasi miezi tisa tu kabla, nje ya jengo linalotazamana na bustani hiyo hiyo. Kabla wimbo haujaisha, mwanamume mmoja alipanda jukwaani akimkimbilia. Walinzi wakamwondoa, na Simon akaumaliza wimbo.

Mhariri mwoga angeufyeka wimbo huo usahaulike. Hapa umeachwa, na hofu yake yote. Ukiutafuta katika albamu ya tamasha hilo, iliyotoka mwaka 1982, hutaupata. Itazame filamu.