Sheria iliyozaliwa na "nadhani"

Mwaka 2008 maduka ya Tesco nchini Uingereza yaliamua kubadilisha mabango ya foleni ya wateja wenye vitu vichache. Bango la zamani lilisema "10 items or less", na walinzi wa Kiingereza sanifu walikuwa wakilalamika kwamba vitu huhesabika, basi iandikwe "fewer". Tesco hawakuandika "fewer", wala hawakubaki na "less". Waliandika "Up to 10 items", yaani hadi vitu 10, wakaukwepa ugomvi.

Ugomvi wenyewe una chanzo kinachojulikana. Darasani tunapewa jedwali: "many" na "fewer" kwa vinavyohesabika, "much" na "less" kwa visivyohesabika. Upande mmoja wa jedwali hilo, wa "many" na "much", ni tabia halisi ya lugha. Mzawa wa Kiingereza hasemi "much books" hata akiwa usingizini. Upande wa pili, wa "fewer" na "less", ulitengenezwa. Mwaka 1770 Robert Baker alichapisha kitabu chake, Reflections on the English Language, na humo akaeleza kwamba watu hutumia "less" mara nyingi kwa idadi, ila yeye anadhani "fewer" ingefaa zaidi. Hakutoa amri. Wanasarufi waliomfuata ndio waliolifuta lile "nadhani" wakabakiza sheria kavu.

Na alichokisahihisha Baker hakikuwa uharibifu wa vijana wa siku zake. Katika karne ya 9, Mfalme Alfred alipotafsiri kazi ya mwanafalsafa Boethius, tayari alitumia "less" kwa maneno, ambayo huhesabika. Wakati huo neno hilo lilifanya kazi kama nomino: mtu alisema kitu kama "upungufu wa maneno", na nomino iliyofuata ikabeba kiambishi cha umilikishi. Kiambishi kilipodondoka, "less" ikabaki imeegemea nomino ya wingi, nayo ikaonekana kama kivumishi.

Upande wa kuzidi, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Hadi enzi za Shakespeare, Kiingereza kilikuwa na "mo" kwa idadi na "more" kwa ukubwa au kiasi. Kilikuwa pia na "enow" kwa wingi kando ya "enough". Yote mawili yalikufa na hakuna aliyeweka matanga. Leo "more" hutosha kwa vitabu na kwa maji. Kwa nini lugha iruhusiwe kuunganisha huku na ikatazwe kule? Jibu la kisarufi sijaliona.

Kiswahili nacho kimegawanyika vivyo hivyo. "-ingi" haibagui: watu wengi, maji mengi. Penye uhaba ndipo tunapotenganisha: watu wachache, lakini maji kidogo. "Sukari chache" hukwaruza sikio. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza "few" na "little" ana kipimo tayari, ingawa nasi tunasema "muda mchache" bila haya. Waingereza nao, hata wakali wao, husema "less than two weeks", kwa kuwa wiki mbili hapo huchukuliwa kuwa kipimo kimoja cha muda, si wiki za kuhesabu mojamoja.

Makosa yetu makubwa yako kwenye nomino zenyewe. Vifaa kwetu ni wingi ulio wazi, kwa hiyo tunaandika "equipments". Ushauri wa watu watatu unakuwa "three advices". Hapo hakuna neno la kiasi litakalookoa sentensi: Kiingereza huzihesabu nomino hizo kando, kwa "piece of" au kwa kubadilisha nomino kabisa.

Kisha kuna herufi moja ambayo wengi huiruka. "A few people came" ni taarifa ya mtu aliyeridhika kwamba angalau watu kadhaa walifika. Ondoa ile "a", na mwandishi analalamika kwamba waliofika ni wachache mno. Kalamu yangu nyekundu huishia hapo zaidi kuliko kwenye "less", ingawa mwenye mtihani kesho aandike "fewer" tu, maana msahihishaji huenda hajasikia habari za Baker.