Gharika na Ubatizo: Albamu ya Kwanza ya Jars of Clay

Kundi la Jars of Clay, lililoanzishwa na wanafunzi wa Chuo cha Greenville, Illinois, Marekani, lilichukua jina lake katika 2 Kor. 4:7. Mwaka 1995 lilitoa albamu ya kwanza yenye jina hilohilo. Wimbo wake "Flood", yaani gharika, ulipigwa mwaka 1996 hata na redio zisizo za Kikristo.

Tunausifu wimbo huo kwa unyofu wake. Anayeimba hajivunii imani yake. Anazama, anataja dhambi na hatia, anaomba kuinuliwa. Hayo ni maombolezo yaliyo jirani na Zaburi ya 69, nayo mahubiri ya mafanikio hayana nafasi kwa kilio cha namna hiyo. Hata hivyo, anayeombwa hatajwi jina, na maji ni adui tu.

Luther, katika sala ya gharika aliyoiweka katika ibada ya ubatizo mwaka 1523, alikwenda mbali zaidi: Mungu aliyeuhukumu ulimwengu kwa maji alimhifadhi Nuhu na jamaa yake, na katika maji ya ubatizo Adamu wa kale huzamishwa.

Basi wachungaji wasiwanyang'anye vijana kilio hicho. Wakisikilize pamoja nao, kisha wawakumbushe kwamba wamekwisha kuzikwa na Kristo katika ubatizo (Rum. 6:4), na kwamba safinani Nuhu hakuwa peke yake.